Wito wa Fundi Ocokoru

Abiriga alikuwa akimkimbia baba yake mzazi, na kibaya zaidi, baba mwenyewe alikuwa mgonjwa asiyeweza hata kujigeuza kitandani. Kila mzee alipofungua kinywa na kusema, "Abiriga, keti hapa," yule mtu mzima mwenye duka la vipuri vya pikipiki pale Mvara, mjini Arua, mwenye mke na watoto wanne, alikumbuka jambo. Simu iko kwenye chaji. Daktari ananiita. Maji ya kunywa yamekwisha. Akatoka wodini kwa mwendo wa mtu aliyebanwa na tumbo.

"Umeona?" Mzee Ocokoru alimwambia mkewe siku hiyo, mlango ulipokuwa bado unachezacheza nyuma ya Abiriga. "Mutoto yako anakimbia mimi kama ng'ombe inakimbia sindano."

"Akikimbia ni mutoto yangu," Yangi alimjibu, akimfuta mdomo kwa ncha ya kitenge. "Akileta sukari ni mutoto yako."

Mzee akacheka. Kicheko kikamgusa tumbo lililovimba, akafumba macho na kushika chuma cha kitanda mpaka maumivu yapite. Yangi akajilaumu kwa kumchekesha. Lakini angefanyaje? Ndivyo walivyoishi tangu siku ile fundi Ocokoru, Mlugbara, alipoweka cherehani yake kwenye baraza la duka moja kule Ludara, na msichana mmoja wa Kikakwa akamletea gauni la kupunguzwa. Gauni lilipimwa mara tatu. Mara ya tatu halikuwa na haja ya kupimwa, na wote wawili walijua. Wakaoana, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kushindwa na lugha ya mwenzake, nyumba ile ikaendeshwa kwa Kiswahili cha sokoni, wakataniana kwa Kiswahili na kulea kwa Kiswahili.

Kilichomkimbiza Abiriga kilikuwa wazi kwa Yangi. Katika ukoo wa mumewe, kila mwanamume alikuwa na wito wake, cere, sauti ya juu isiyo na maneno, ambayo mwingine haruhusiwi kuichezea. Mwanamume akiuona mwisho wake, humwita mrithi wake, wakabaki wawili tu, akampa maneno yake. Kisha mrithi hutoka nje na kuupaza wito wa yule aliyemwacha ndani. Wito ukishatoka katika kinywa cha mwingine, basi. Mtu huhesabiwa amekufa, hata kama kifua bado kinapanda na kushuka.

Sasa Abiriga, mlokole, msomi wa kidato cha sita, alikuwa amepiga hesabu yake ya kitoto. Asiposikia maneno, hakuna wito. Pasipo wito, hakuna kifo. Ungemwuliza angekataa kabisa, tena angekukasirikia. Lakini miguu yake ilikuwa ikiamini.

Wito wa Ocokoru Yangi aliujua kuliko alivyolijua jina lake mwenyewe. Ulipanda mara mbili, halafu mwishoni ukavunjika kidogo, mithili ya mtu anayezuia kicheko. Kila jioni mzee alipotoka sokoni na kufika kijitoni, aliurusha ng'ambo ya bonde, naye Yangi akiusikia alibandika maji ya ugali jikoni. Mpaka baiskeli iegemezwe ukutani, maji yalikuwa yameshachemka. Kicheko cha mwisho kikirefuka, alijua mume amepitia kwenye pombe, akaongeza pilipili kwenye mboga kwa makusudi.

*

Daktari wa wodi ile aliitwa Peace, binti mwembamba mwenye tabia ya kuketi kitandani kwa mgonjwa badala ya kusimama juu yake kama askari. Asubuhi ile alikuja kuueleza ule mpira wa kulishia ambao wenzake walishauri upitishwe puani, maana mzee sasa alikuwa akishindwa hata uji. Saratani ya ini ilikuwa imezishinda dawa zote. Maji yalitolewa tumboni, yakarudi, yakatolewa, yakarudi.

Ocokoru alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Daktari, mimi nilikuwa na mbwa. Ilipata ugonjwa wa kukauka. Daktari ya ng'ombe akakuja, akadunga sindano moja, mbwa ikalala, ikakwisha. Ile sindano, hapa kwenu hakuna?"

Mama mmoja aliyekuwa akikoroga uji kando ya kitanda cha jirani aliacha kijiko hewani.

"Hapana, Mzee," Peace alisema. "Sheria hainiruhusu. Na hata ingeniruhusu, mkono wangu usingekubali."

"Basi mbwa iko na bahati kushinda fundi."

"Ngoja nimalize." Akamshika mkono. "Kukuua sitakuua. Lakini kukulazimisha pia sitakulazimisha. Mpira huu ukiukataa, hauingii. Ukitaka kwenda nyumbani, mwili ni wako. Na dawa ya maumivu nitakupa, utakuwa nayo mpaka mwisho. Hayo mawili si kitu kimoja. Moja ni kumsukuma mtu, jingine ni kumwacha aketi akichoka."

"Sasa umesema maneno ya mutu mukubwa," Ocokoru akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile uso wake ukalegea. "Mimi nataka nyumbani."

Hapo ndipo Abiriga alipoingia, mkononi ana barua ya kumpeleka baba yake Kampala. Uso ulimng'aa kwa ushindi wa kupata mihuri.

"Tunaondoka Ijumaa! Kule wana mashine, Mama, mashine za kila aina. Duka nimeshapata mnunuzi, tusiwe na wasiwasi."

"Abiriga," daktari alisema taratibu, "nilikuambia jana. Kampala watampa safari. Uhai hawana wa kumpa."

"Wewe ni Mungu?"

Yangi akaona afadhali aseme yeye. "Mwanangu, baba yako amesema anataka nyumbani. Amesema na mudomo yake, sisi wote tumesikia."

Abiriga alimgeukia mama yake. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na mtu aliyekosa usingizi huokota neno lolote lililo karibu. "Kwani Mama, unataka kumwua Baba? Umechoka kumtunza, si useme tu!"

Alilisema kwa sauti. Wauguzaji wa vitanda vya pande zote mbili walilisikia, na yule mama wa uji akainamisha kichwa kwa aibu isiyokuwa yake. Yangi alikusanya sahani, akatoka nazo hadi bombani, akaziosha. Zilikuwa safi tangu asubuhi. Akazisugua hivyohivyo kwa mchanga, moja baada ya nyingine, huku machozi yakimdondokea mikononi.

Kilichomuuma si uongo wa lile neno. Kilichomuuma ni kwamba yeye ndiye aliyetaka kuliko wote mzee abaki. Angebaki hata hivyo alivyo, mifupa na tumbo, asiyeweza kushika kikombe. Usiku alipolala sakafuni kando ya kitanda, alinyoosha mkono juu akamgusa kisigino, akatosheka. Angempeleka Kampala, angempeleka hata ng'ambo ya Kampala, kama ni yeye wa kuamua. Lakini kisigino kile kilikuwa na mwenyewe.

Yangi aliporudi, Abiriga alikuwa ameshatoka kutafuta gari la wagonjwa. Ocokoru alikuwa akimngoja macho wazi.

"Mama Abiriga."

"Nini?"

"Hapa, mutu akitoa wito yangu, askari ya geti atamufukuza. Atasema ni mulevi." Akapumzika. "Nirudishe nyumbani. Mimi nilifika Ludara na cherehani juu ya kichwa, hapana kuna mutu alinibeba. Sasa wewe nibebe mara moja tu."

"Na Abiriga?"

"Abiriga nitamungoja. Lakini nimungoje kwa kitanda yangu, siyo kwa hii ya serikali."

Yangi akainama, akavuta mfuko wa nguo kutoka chini ya kitanda, akaanza kukunja. Mzee alimtazama akikunja, akamwambia anakunja vibaya kama Wakakwa wote. Yangi akamwambia anyamaze.

*

Mzee alitia saini mwenyewe, kwa ule mwandiko wa fundi wenye mikia mirefu. Peace akamkabidhi Yangi chupa ya dawa ya maji ya maumivu, akamwonyesha mara kadhaa namna ya kupima kwa kifuniko, akampa na jina la muuguzi wa Koboko atakayekuja kumwona nyumbani. Yangi akamwomba amwambie Abiriga atakaporudi. Kumpigia simu mwenyewe hakuthubutu. Aliijua sauti ya mwanawe ikilia. Angeisikia tu, angefungua tena mfuko na kutoa nguo.

Dereva alikuwa Tahiru, Mnubi wa mjini Arua, mwenye gari dogo lililochoka lakini lenye kiti kirefu cha nyuma. Walimlaza mzee, kichwa mapajani mwa Yangi. Tahiru aliendesha polepole, akiomba radhi kwa kila shimo: "Pole, Mzee. Hii tena, pole. Hii siyo mimi, hii ni barabara."

Walipotoka nje ya mji akasimama. "Naangalia maji ya rejeta, Mama."

Rejeta hakuiangalia hata kidogo. Bima ya gari lake ilikuwa imekwisha muda mrefu, na mbele kulikuwa na askari wa barabarani. Tahiru alijua, kama kila dereva wa Arua anavyojua, kwamba gari moja tu halisimamishwi, nalo ni lile lililofungwa matawi mabichi mbele, gari la maiti. Akakata matawi mawili ya mti wa kando ya njia, akayafunga kwenye bampa, akajiambia kimoyomoyo kuwa atayatoa kabla ya Ludara. Mungu angemwelewa, mgonjwa asicheleweshwe.

Kweli, askari aliliona gari, akavua kofia, akaliacha lipite. Mbele kidogo mwendesha baiskeli akashuka na kusimama. Wanawake waliotoka sokoni wakatua mizigo yao chini, wakainamisha vichwa.

"Watu ya siku hizi iko na adabu," Yangi alisema akishangaa.

"Wamenijua," Ocokoru akajibu bila kufumbua macho. "Wote nimewashonea suruali."

Tahiru akaangua kicheko. Mzee, akisikia amepata msikilizaji, akaanza kusimulia habari ya padri mmoja mnene aliyepasukiwa katikati ya ibada na suruali aliyomshonea, akisimulia kwa pumzi fupifupi, akipumzika, akiendelea, mpaka Tahiru akawa anaendesha huku anajifuta machozi. Matawi akayasahau kabisa.

Pale Ludara, kwenye kibaraza cha duka, aliketi Anguzu na kikombe cha chai. Huyu alikuwa mdogo wake Ocokoru, tumbo moja, aliyemfuata Ludara pamoja na jamaa wengine wa ukoo, na ambaye asubuhi na jioni alikuwa akimwombea kaka yake. Aliliona gari likipinda kutoka barabara kuu. Aliona matawi. Kisha akamwona shemeji yake Yangi kiti cha nyuma, ameinama juu ya kitu, anakifunika kwa kitenge. Kikombe kikamponyoka.

Anguzu hakuuliza, ungemwuliza nani swali kama hilo? Aliangalia kama Abiriga yumo, hakumwona. Akawaza kwamba kaka yake anaingia nyumbani kimyakimya, bila wito, kama mzigo wa mihogo, na moyo wake ukakataa. Akasimama katikati ya njia, akaweka viganja kinywani, akaupaza wito wa Ocokoru kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Ndani ya gari, nywele za Yangi zilisimama. Alikuwa hajapata kuusikia wito ule ukitoka katika kinywa kingine.

Ocokoru akafumbua macho. "Nani anatumia kitu yangu?"

"Wallahi," Tahiru akasema, akikanyaga breki. "Majani!"

*

Mayowe yalipokelewa kutoka boma hadi boma kabla Tahiru hajateremka. Walipofika nyumbani, wanawake walikuwa tayari wanajitupa chini uwanjani na vijana wameshashika majembe. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, Ocokoru akainuliwa, akatazama ule umati, akasema, "Nipeni maji."

Jirani mmoja mwanamke alikimbia, mpaka leo hawajakubaliana alipita wapi, maana uzio ulikuwa mzima. Wengine waliganda. Anguzu alianguka magotini na kushika miguu ya kaka yake.

"Kaka, nisamehe. Nimekuua!"

"Tena umeniua vibaya," Ocokoru alisema. "Wito yangu hapana lia kama mbuzi."

Watu wakacheka na kulia kwa pamoja. Tahiru alisimama kando, ameshika matawi yake kifuani, anaapa kwa kila mtu aliyepita kwamba nia yake ilikuwa safi.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la mzaha, na kicheko kilipokwisha wazee wa ukoo wakaingia ndani kwa mzee, Yangi akakaa mlangoni. Mtu akishaitwa ameitwa. Mmoja akatoa rai ya kuchinja kondoo na kufanya mambo ya kumrudisha Ocokoru kwa walio hai, kama walivyowahi kufanya wa zamani.

"Kondoo yenu muache ale nyasi," Ocokoru akawaambia. "Mukinirudisha, Abiriga atanipeleka Kampala. Mimi nimekufa. Mutu amekufa hapana panda basi, hapana wekewa mupira kwa pua. Sasa niko sawa."

Wazee wakatazamana. Mmoja akatikisa kichwa, akachukua fimbo yake. Wakatoka.

Walipobaki wawili, mzee akageuzia uso ukutani. Yangi akadhani amelala, mpaka alipoona mabega yakitikisika.

"Nini tena, Baba Abiriga?"

"Wito imetoka, maneno haijatoka." Alikuwa akilia, na Yangi hakuwahi kumwona akilia tangu walipomzika binti yao wa kwanza nyuma ya nyumba hiyohiyo. "Nimekuwa mutu amekufa na mudomo imejaa. Nitamupa nani sasa? Mutoto amenikimbia."

Yangi akapanda kitandani, viatu na vyote, akamkumbatia kwa nyuma. Yeye ndiye aliyemtoa kule alikokuwa mwanawe.

*

Abiriga alipata habari akiwa bado hospitalini, amesimama mbele ya kitanda kitupu, kabla hata Peace hajamfikia. Simu ilitoka kwa mtu wa Ludara: pole ndugu, baba yako ameitwa, tumesikia kwa masikio yetu. Hakungoja kusikia zaidi. Alipanda pikipiki yake, akaja bila kofia, bila kusimama, akila vumbi njia nzima, na blanketi la baba yake lililosahaulika kitandani amelifunga kiunoni.

Alipoingia uwanjani jua lilikuwa bado juu. Watu walijaribu kumwambia, hakusikia. Alifika mlangoni, akaanguka pale kizingitini.

"Baba!" alilia. "Baba, rudi! Rudi nikae! Nitakusikiliza Baba, nilikuwa mjinga, rudi uniambie, nitakaa chini, sitatoka tena!"

"Sasa unataka kusikia?" sauti ya Ocokoru ikasema. "Ingia basi. Na ufunge mulango, nzi iko mingi."

Yangi alikuwa amejitayarisha kwa hasira ya mwanawe. Alikuwa amepanga na maneno ya kumjibu. Lakini Abiriga alimpita akitambaa, akiwa na uso wa yule mtoto aliyewahi kupotea sokoni akapatikana jioni, naye Yangi akatoka nje na kuufunga mlango mwenyewe. Mambo ya ndani hayakuwa yake.

Walikaa muda mrefu. Kutoka alipoketi, Yangi alisikia mnong'ono wa mzee ukikatika na kuendelea, kisha kilio cha mwanawe, kisha, ajabu, kicheko cha wote wawili. Baadaye ikasikika sauti ya Abiriga, chini sana, ikijaribu kitu. Ikapanda mara moja, ikakwama.

"Hapana," mzee alisema. "Unapanda kama mutu anapanda ngazi ya kukopa. Tena."

Ikapanda tena.

"Mwisho icheke kidogo. Kidogo! Siyo kucheka ya harusi."

Yangi akajiziba mdomo kwa kitenge. Anguzu, aliyekuwa kando yake, alitikisika mabega yote mawili. Haijapata kusikika katika ukoo ule mtu akimfundisha mwanawe kumwita. Lakini Ocokoru alisema ameshakufa, na aliyekufa hana mwiko wa kuvunja.

Abiriga alipotoka, watu walikuwa bado wamejaa uwanjani. Alimwendea mama yake, akachuchumaa. "Mama," akaanza kwa sauti ya chini, "lile neno nililosema kule wodini..."

"Ulinong'ona kule wodini?" Yangi akauliza.

"Hapana."

"Basi usininong'oneze hapa."

Abiriga akasimama. Akasema mbele ya watu wote kwamba alimwambia mama yake anataka kumwua baba, na kwamba alisema uongo, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetaka kumzuia baba yake kwa faida yake, kwa kuwa aliogopa. Yangi akamwacha amalize. Kisha akamfuta vumbi usoni kwa kitenge kilekile na kumwuliza kama amekula.

*

Siku zilizofuata hazikuwa nyepesi, asikudanganye mtu. Maumivu yaliwahi kuamka kabla ya dawa. Muuguzi wa Koboko alikuja, akaongeza kipimo kidogo, akamsifu Yangi kwa mkono wake usiotetemeka.

Asubuhi moja, maumivu yakiwa yamemshika vibaya, Ocokoru aliikazia macho ile chupa iliyokuwa dirishani. Kisha akamtazama mkewe, kisha chupa.

"Usinitazame hivyo," Yangi alisema.

"Natazama chupa."

"Chupa ni yangu. Nitakupa ya leo, na kesho ya kesho. Zaidi ya hiyo sitakupa." Akakaza kifuniko. "Nilikutoa hospitali kwa sababu ulisema. Ile nilifanya. Hii siwezi, Baba Abiriga. Ningeweza, bado nisingetaka. Wewe chukua muda yako yote, mimi niko."

"Sawa," mzee akasema. "Nilikuwa najaribu tu kama bado unanipenda."

"Mulugbara mujinga wewe."

Akapima kwa kifuniko, akamnywesha. Akaketi mpaka mkono wa mzee ulipolegea ndani ya wake.

Abiriga alilala pale kila siku, duka amemwachia mkewe, mnunuzi ameambiwa hapana. Mzee alipoacha kula kabisa, Abiriga alikuja na uji, akampelekea kijiko mdomoni, akabembeleza, akasihi. Uji ukamtiririka mzee shingoni. Yangi akachukua bakuli, akaliweka chini, akamwekea mwanawe mkononi kitambaa kilicholowa maji. "Mulowanishie midomo," alisema. "Hiyo tu ndiyo anataka." Abiriga akafanya hivyo siku nzima, taratibu, bila kukimbia popote.

Ilikuwa jioni, saa ile ambayo watu hutoka sokoni. Yangi aliketi nje akichagua kunde, kwa sababu mikono lazima ipate kazi. Baba na mwana walikuwa ndani. Aliusikia mlango ukifunguka nyuma yake, akasikia hatua za Abiriga zikienda mpaka mwisho wa uwanja, upande wa bonde. Hakugeuka.

Wito ukapanda. Ukapanda mara ya pili. Na mwisho ukavunjika kidogo, kidogo tu, kama mtu anayezuia kicheko. Ulivuka kijito, ukaenda ng'ambo. Haukuwa na kosa lolote.

Yangi alikuwa amesimama kabla hajajua amesimama. Kunde zikamwagika. Akaingia jikoni, akapanga kuni, akachota maji mtungini, akabandika sufuria. Mke wa Anguzu akaja mbio, akamshika mabega. "Mama Abiriga, kaa chini, wageni sisi tutawapikia."

"Siyo ya wageni," Yangi alisema, akipuliza moto. "Si umesikia amefika kijitoni? Atakuja na njaa."

Yule mwanamke akamwachia, akakaa naye pale. Moto ukashika. Yangi alichuchumaa akaangalia sufuria, unga ameuweka tayari kwenye kikombe, na maji yalipochemka, akawa hana wa kumsongea ugali, ndipo alipoanza kulia.